Ukuta wa Kutua Mizigo

Mmeniomba niandike mambo ya kitaalamu, ili wanaoingia sasa kitengo cha bustani wapate pa kuanzia. Nimekaa barazani kwangu hapa Mlali siku tatu na daftari, na kila nikianza mambo ya kitaalamu najikuta naandika habari za ukuta mmoja. Basi na iwe hivyo. Mwenye haraka ya kujua nafasi kati ya mche na mche wa mwarobaini, ni hatua sita za mtu mzima, anaweza kuishia hapa. Wengine tuendelee.

Ukuta wenyewe mnaujua. Uko Bustani ya Mtoni, upande wa mlimani, kabla hujafika bombani. Mgeni akiuona huuliza unazuia nini. Hauzuii kitu. Hauna lango, hauna paa, na ukijaribu kuukalia unahitaji ngazi. Niliujenga nikiwa kijana, nikautetea nikiwa mtu mzima, na mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa tayari kugombana na ofisi nzima kwa ajili yake. Nitawaeleza kwa nini, na nitawaeleza pia nilivyoumbuka, kwa sababu najua mnazo habari tayari na mnazisimulia vibaya.

Siku ya kwanza nilifika Bustani ya Mtoni nimevaa shati jeupe. Kosa la kwanza hilo. Kwapani nina karatasi za ramani, mfukoni tepu ya kupimia, kichwani najua kila kitu. Niliambiwa niripoti kwa Bi Tatu, msimamizi wa watunza bustani. Nilitegemea kukuta ofisi. Nikamkuta mwanamke mfupi, Mluguru wa huko juu milimani, kanga kiunoni juu ya sare ya kaki, mabuti ya mpira miguuni, amekaa kwenye benchi anakunywa chai ya tangawizi.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye fundi sanifu mpya."

"Marahaba. Kaa."

"Nianze na kazi gani?"

"Hiyo hiyo. Kaa."

Nikakaa. Saa nzima! Watunza bustani wengine wako kwenye mafyekeo na matoroli, mimi nimekaa na shati langu kama bwana harusi anayesubiri picha. Jua lilipoanza kutuchoma ndipo akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia majani yamekauka upande wa mashariki, ua linahitaji mkasi, na bomba linavuja.

"Hayo hata mimi nayaona," akasema. "Watu je?"

Sikuwa nimeona mtu. Akanisomea, taratibu, bila daftari. Yule mama mwenye mtoto mgonjwa amehama benchi mara tatu akifuata kivuli, kwa hiyo benchi la pembeni limewekwa na mtu asiyejua jua linatembea. Yule mlinzi aliyetoka lindo amelala chali, kwa hiyo bado watu wanajiona salama. Wale wanafunzi wawili wamekaa wamegeuziana migongo ili kila mmoja amwegemee mwenzake, kwa sababu mabenchi yetu hayana egemeo. Yote hayo yalikuwa yamepita mbele ya macho yangu.

"Bustani si maua, mwanangu," akaniambia. "Maua hata makaburini yapo. Bustani ni mahali mtu anaruhusiwa kuchoka mbele za watu bila kuulizwa ana shida gani."

Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, vingine vizito kama tofali, na sijakuta maelezo mazuri kuliko hayo. Bi Tatu hakuwa amemaliza hata shule ya msingi. Kila asubuhi kabla ya kugusa jembe alikaa saa moja, kila siku benchi lingine, akiangalia. Ilikuwa ndiyo kazi yake kubwa, na wakubwa waliopita na magari walidhani mama yule ni mvivu.

Alinifundisha mengi kwa mtindo huo wa kuniacha nikosee kwanza. Niliweka mabenchi mapya yakitazama milima, maana mimi mtoto wa Mlali nilizoea kuiona kwa mbali, na nilipofika mjini nikaiona imesimama juu ya mapaa, asubuhi ina ukungu, mchana ya buluu, nikasema watu watafurahi. Baada ya wiki nilikuta watu wamekaa kinyumenyume, miguu wameipitisha upande wa nyuma, wanatazama njia. Bi Tatu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mlima wameuona tangu wanazaliwa. Wanataka kuona nani kapita na nani." Tukayageuza mabenchi yote, na lile moja nililobakiza likitazama mlima lilipata wateja wake, wajane na watu waliogombana nyumbani. Nikajifunza kuwa kila bustani inahitaji benchi moja la namna hiyo.

Sasa ukuta. Upande wa mlimani ndiko walikopita akina mama wanaoshuka na mazao kwenda sokoni. Alfajiri utawaona wanateremka mmojammoja na wawiliwawili, ngata kichwani, juu yake tenga la ndizi, kabichi, karoti, maharage mabichi, maparachichi. Wametembea tangu giza. Kabla ya kuingia sokoni hupenda kutua, kunywa maji, kunawa miguu, kupanga upya mazao ili yale mazuri yakae juu, na kwa hilo simlaumu mtu. Nikapewa kazi ya kuwatengenezea pa kupumzikia. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu.

Kitabu kilisema ukuta wa kukalia uwe na kimo cha sentimita arobaini na tano. Nikachora. Fundi mwashi alikuwa Mzee Simoni, mtu asiyeongea bila sababu. Alipanga mawe ya mtoni kwa timazi na pima maji mpaka unatamani kuyalamba. Aliniuliza mara mbili, "Kijana, una uhakika na kimo hiki?"

"Kitabu ndivyo kinavyosema, mzee."

"Haya. Basi kitabu ndicho kitakachokaa."

Asubuhi ya kwanza nikafika mapema kuwaona wateja wangu. Akina mama walishuka, wakautazama ukuta, wakaupita. Waliokuja wawiliwawili walituana chini kwenye vumbi, mmoja akamshika mwenzake tenga, kisha ndipo wakaja kukaa. Halafu akaja mmoja peke yake. Mrefu wa wastani, shingo imenyooka, tenga limejaa maparachichi. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi hivi. Ndiye Mama Zena, na siku ile hatukujuana. Akasimama mbele ya ukuta wangu, mzigo kichwani, akizungusha macho tu kwa sababu kichwa hakizunguki, anatafuta mtu.

"Nitue, mdogo wangu."

Nikaweka tepu mfukoni, nikashika tenga upande mmoja. Jamani, tenga halishikwi upande mmoja! Lilipinduka lote. Maparachichi yakabiringika mpaka mtoni, mengine yakapasuka kwenye ukuta wenyewe. Mama Zena hakunitukana. Aliniangalia tu, na ningeona heri anitukane.

Bi Tatu alikuwa kwenye benchi lake. Akaja polepole, akaokota maparachichi yaliyosalimika, akajazia mawe juu yake, akachukua ngata, akaniwekea kichwani. Akina mama wawili wakanitwika. "Zunguka bustani mara moja. Ukirudi, tua mwenyewe hapo kwenye ukuta wako."

Nikazunguka. Shingo ilikuwa inaingia mabegani, jasho linaingia machoni na siwezi kulifuta, watu wote mjini wameamua kupita bustanini asubuhi hiyo. Niliporudi nikasimama mbele ya ukuta. Uko chini magotini. Nikiinama, mzigo unaniporomokea. Nikichuchumaa, mapaja yanatetemeka na tenga bado liko juu sana. Akina mama wamejipanga wanatazama.

"Tua basi!" wakapiga kelele.

"Siwezi."

"Kwa nini? Ukuta si huo?" akauliza Bi Tatu.

"Nitue, mama."

"Sema kwa sauti, wenzako wa nyuma hawajasikia."

"NITUENI!"

Walinitua huku wanacheka mpaka wanalia, Mama Zena akiwa wa kwanza kushika. Kisha Bi Tatu akaacha kucheka, akanieleza kwa maneno machache ambayo ningependa kila mchoraji wa bustani ayasikie. Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kukaa. Kwanza lazima atue, na kutua kunahitaji mtu wa pili. Akiwa peke yake atasimama na uchovu wake mpaka apite mwenye huruma. "Wewe umejenga mahali pa kupumzikia watu waliokwisha kupumzika," akasema.

Mzee Simoni alivunja mawe yake bila kunisema, nami nikambebea. Kesho yake tukasimamisha ubao, tukaomba kila mama anayeshuka asimame kando yake, na Simoni akachora mstari wa mkaa usawa wa bega. Tukachukua mstari wa katikati, tukajenga ukuta mrefu kiasi hicho, juu tukausakafia saruji laini ili tenga liteleze. Ulivyofanya kazi ni raha kuangalia. Mama anakuja, anakunja magoti kidogo, anainamisha shingo mbele, tenga linahama kutoka kichwani kwenda ukutani kama mtoto anayehamishwa mgongo. Akimaliza kupumzika anajiingiza chini, anaweka ngata, ananyoosha magoti, mzigo uko kichwani. Hajaita mtu, hajaomba mtu. Siku hizi tunasikia sana maneno ya kumtua mama ndoo kichwani, na ni maneno mazuri. Sisi tulijenga kitu ambacho mama anajitua mwenyewe, na kwa miaka mingi hilo ndilo jambo nililojivunia kuliko yote niliyoyafanya duniani.

Miaka ikapita katika kazi ya kawaida. Niliua miche mingi kwa kumwagilia mchana. Nilipanda mkrismasi karibu na njia kwa ajili ya maua yake mekundu, na mizizi ikainua vigae vyote, kwa hiyo mkiona njia ya kusini ina mawimbi, ni mimi. Niliandika vibao vya Usikanyage Majani, Bi Tatu akavitumia kuni. Nilijifunza kwamba choo cha bustani kikifichwa sana kina mama hawakitumii, wanaogopa, na kikiwekwa wazi sana wanaume ndio hawakitumii, wanaona aibu, sijui kwa nini aibu inawajia hapo tu. Kila Jumamosi maharusi walikuja kupiga picha, na watunza bustani wakagombania kufagia upande huo ili waonekane kwa nyuma.

Kesi ngumu niliyoiona ilikuwa ya mkubwa mmoja, nisimtaje, aliyepita asubuhi akakuta matenga yamejaa ukutani. Akasema bustani imekuwa gulio. Akaagiza michongoma ipandwe kuzunguka bustani nzima upande wa mlimani, nene, asipite hata kuku. Nilitaka kubisha, nikafungua na mdomo. Bi Tatu akanikanyaga mguu kwa buti.

"Sawa mkuu," akasema.

Tukapanda michongoma. Ikastawi vizuri ajabu, isipokuwa sehemu moja iliyotazamana na ukuta, upana wa matenga mawili yanayopishana. Mkubwa akiuliza, Bi Tatu anamwambia miche ya hapo imekufa. Pandeni mingine. Tumepanda, mkuu, imekufa tena. Udongo wa hapo una matatizo. Udongo wa Morogoro, jamani, ambao ukisahau fimbo ya mwembe juu yake unakuta imechipua! Alilieleza hilo miaka minne mfululizo kwa uso wa kanisani mpaka mkubwa akahamishwa. Sikuwahi kumwona akipandisha sauti kwa mkubwa yeyote, na sikuwahi kuona akina mama wakikosa pa kupita.

Alipostaafu alirudi juu kulima, na huko akafariki. Nilipanda kumzika. Wanawake waliojaa pale walinitambua kwa ile siku ya tenga.

Mimi nikapewa ofisi na meza. Hapa niseme ukweli wangu. Kile kiti cha ofisini ndicho kilichoniharibu. Niliacha kukaa bustanini. Nilijiambia nimeshakaa vya kutosha, najua kila kitu kinachotokea pale. Nilipita asubuhi na wageni, wanafunzi, wataalamu, nikiwaonyesha ukuta, nikiwasimulia maparachichi mpaka watunza bustani wakawa wanamalizia sentensi zangu. Mliniita Mzee Tepu, nami nikapenda.

Na karibu kila asubuhi nilimkuta Mama Zena. Wenzake wengi waliacha, wengine walikufa, wenye nguvu wakaanza kupakia mazao kwenye bodaboda. Yeye aliendelea kushuka kwa miguu na tenga dogo la ndizi za shamba la upande wa mama yake. Tulikuwa tumezeeka pamoja, na mbele yake niliendelea kuwa mdogo.

"Shikamoo Mama Zena."

"Marahaba, mdogo wangu. Njoo basi tuongee, ukubwa usikufanye ukatusahau."

Namkuta amesimama ukutani, mzigo bado uko kichwani, ananiuliza habari za nyumbani, mke, watoto, mvua ya Mlali. Na mimi, kwa adabu tu, kama unavyompokea mkubwa yeyote mzigo, nashika tenga pande zote mbili, naliweka ukutani. Nilikuwa nimeshajifunza pande zote mbili. Siku moja aliniambia watoto wake wanamtaka aache kushuka. Binti yake Zena amemwambia akae nyumbani wamlishe.

"Nimewaambia, siku nikishindwa kutua mzigo wangu mwenyewe, nitaacha," akasema. "Mpaka siku hiyo wasinifungie ndani kama kuku anayeatamia. Mimi nikikaa mwezi mmoja bila kushuka, nakufa."

Nikamwambia, "Mama Zena, ukuta huu nikiwepo mimi hautaguswa na mtu." Akacheka, akanipiga begani. Nilimaanisha.

Mwaka wangu wa mwisho akaletwa Neema, binti aliyesoma chuoni Mazimbu, mpole, anasema shikamoo kwa magoti kabisa, lakini macho hayatulii. Akapewa kuchora upya Bustani ya Mtoni. Nilimwona asubuhi kadhaa, nikipita na gari, amekaa kwenye benchi peke yake alfajiri na daftari magotini. Nikafikiri huyu naye anasubiri jua lipande ndipo aanze kazi. Mnaona nilikuwa nimefika wapi!

Akaleta karatasi ya kwanza ofisini. Pale penye ukuta wangu palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni neno moja: uvunjwe.

Nililipuka. Sitaandika yote niliyosema, kuna watoto watasoma. Nilimuuliza amezaliwa lini. Nilimuuliza kama anajua uzito wa tenga. Akasema, "Mzee, naomba nikuonyeshe karatasi ya pili." Nikamwambia sina haja na karatasi ya pili, kwa sababu ukivunja ukuta ule kuna mama mmoja pale ataacha kushuka mjini na atakufa, na damu yake itakuwa juu yako. Akakusanya karatasi zake. Akasema kitu kimoja tu, mzee, kesho njoo nami alfajiri. Nikasema nitakuja, na nitakuja na maneno.

Nikaja na maneno. Nilikuwa nimeyaandika kurasa mbili. Tukasimama karibu na bomba, ukungu bado uko juu ya mlima, nikafungua karatasi yangu nikaanza. Neema akanisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa wa kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mzee, samahani. Ni lini mara ya mwisho ulimwona Mama Zena akitua bila mtu?"

Nikatafuta. Nikaenda nyuma mwezi, mwaka, miaka. Kila asubuhi niliyoikumbuka nilikuwa nimeshika lile tenga.

"Nimekaa hapa wiki nne," akasema. "Wenye nguvu wanapanda bodaboda. Wanaoshuka kwa miguu sasa ni bibi zetu, migongo imepinda. Ukuta sasa unawapita utosi. Kila mmoja anasimama hapa anasalimia watu mpaka apatikane wa kumtua."

Hapo hapo Mama Zena akaingia bustanini. Alikuja taratibu, akafika ukutani, akatuona.

"Aa, mdogo wangu! Leo mapema. Njoo basi tuongee."

Miguu yangu ilishaanza kwenda. Nikaizuia. Mungu anisamehe, nilisimama pale pale, nilitaka kuona kwa macho yangu. Akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu kutoka mbali. Akauliza habari za mke. Akauliza za mvua. Sauti ilikuwa inacheka, lakini shingo ilikuwa inatetemeka, na mkono mmoja umeshika jiwe la ukuta kwa nguvu, na macho yanazunguka, kulia, kushoto, yananirudia mimi. Alinyoosha tenga juu kidogo kwa mikono, halikufika. Akalirudisha kichwani akatabasamu. Nikakimbia. Nilikimbia kama kijana, nikamtua, nikamkalisha.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mgongo huu. Muda sasa."

"Mbona hukuniambia?"

Akamtazama Neema, akanitazama mimi. "Nikuambie wewe, umwambie Zena? Si ndiyo wangenifungia. Halafu..." Akarekebisha kanga. "Halafu ningekuambiaje, mdogo wangu, na wewe ulivyokuwa unaupenda huo ukuta wako? Kila siku unawaonyesha wageni."

Sijawahi kusikia aibu ya namna ile, na nilishawahi kubeba tenga la mawe mbele ya mji mzima. Nilikaa chini pale kwenye vumbi. Neema, mtoto wa watu, hakusema nilikuambia. Akachuchumaa akafungua karatasi ya pili. Palikuwa na ukuta. Ukuta ule ule, mawe yale yale, lakini umeshuka upande mmoja karibu shubiri mbili na nusu, kisha unapanda kwa ngazi ndogo, ili kila mgongo upate kimo chake. Chini palikuwa na ukingo mdogo wa kuwekea mguu mmoja wakati wa kusimama. Hilo la mguu sikuwahi kulifikiria, Bi Tatu hakulifikiria, wala Simoni. Ningeweza kumkumbatia.

Karatasi yangu ya maneno niliifutia kamasi.

Kwa hiyo, mliobaki, mkisikia Mzee Tepu alitaka kuvunja, si kweli, na mkisikia aliuokoa, si kweli pia. Aliyeona ni Neema. Mimi nilishika tepu. Alisimamisha ubao kama tulivyofanya sisi bila mtu kumwambia, akawapima bibi wote, na mimi nikachora mistari ya mkaa. Mama Zena tulimwambia asimame wima. Akasema wima ndio huu. Nilishika nyundo mwenyewe siku ya kuvunja tabaka za juu, na niliona raha niliyokuwa siitegemei. Zena hatukumwambia kitu.

Saruji ilikauka wiki yangu ya mwisho kazini. Asubuhi ile nilisimama bombani nikijifanya nakagua bilula. Mama Zena akashuka, akaenda upande wa chini wa ukuta, akakunja magoti kidogo. Tenga likateleza likakaa. Akabaki ameliangalia, mkono juu yake, kwa muda mrefu. Kisha akaja bombani akanywa maji, akanawa miguu, akakaa kwenye benchi akanyoosha miguu yote miwili mbele. Alipotosheka akaweka mguu kwenye ukingo, akaingia chini ya mzigo, akasimama nao.

Mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya njia, mikono mbele, kwa mazoea. Nikasema shikamoo, nikamuuliza habari za nyumbani.

"Marahaba," akasema, bila kusimama. "Leo sina muda wa maongezi, mdogo wangu. Wateja wananisubiri."

Akanipita. Nikabaki pale na mikono yangu mitupu, mtu mzima, nalia kwa furaha.